Anza na Kinoo

Mpwa wangu wa Dadamu, hapa Arua, aliponijia akitaka nimsaidie kuchagua kisu cha mfukoni, nilimpa kazi ambayo haikumpendeza. Nilimwambia akae wiki nzima bila kununua chochote, na kila atakapokata kitu, iwe kwa wembe, kwa kisu cha jikoni au kwa meno, akiandike nyuma ya daftari lake la miche.

"Mjomba, mimi nimekuja kuomba kisu, wewe unanipa hesabu."

Akaondoka amenuna, lakini akaandika.

Binti huyu anatunza kitalu kando ya barabara: miche ya maembe, machungwa, mikalitusi na chochote kinachonunuliwa mwaka huo. Daftari liliporudi Jumapili lilinifundisha mengi kuliko nilivyotazamia. Alikuwa amekata kamba za katani za kufungia mbuzi. Alikuwa amepasua kavera za viriba mche unapohamishiwa shambani, amefumua nyuzi za magunia ya mbolea, amekata vipande vya mpira wa tairi kuukuu ambavyo watu wa huku hufungia kila mzigo duniani, amechonga penseli, amemenya maembe, amekwangua tope kwenye kandambili. Siku mbili alibebesha miembe, na hapo alitumia wembe aliouvunja katikati, ukamkata kidole gumba. Hilo nalo aliliandika, kwa wino mwekundu.

Katika orodha nzima ni mara mbili tu alipotamani kisu kirefu. Mara ya kwanza alitaka kukata muwa. Mara ya pili nyumbani kulikuwa na mgeni na jogoo wa kuchinjwa.

Hayo mawili niliyafuta. Muwa ni kazi ya panga, na panga kila nyumba inalo. Kuchinja nako kuna kisu chake, hasa kwa majirani zetu Waislamu wa Koboko na Yumbe, ambao dini yao inamtaka mchinjaji anoe kisu vizuri, tena asikinoe mbele ya mnyama. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ni shimo. Damu ikiingia humo haitoki kwa maji ya birika. Siku mbili baadaye utamenya nacho embe na kushangaa harufu inatoka wapi.

Ukiondoa muwa na jogoo, yaliyobaki yote yanafanywa na ubapa usiozidi upana wa kiganja chako, vidole vinne vikiwa vimebanana. Hiki ni kipimo ninachokiamini kuliko rula, kwa sababu mkono wako hukuusahau nyumbani. Kwa watu wazima wengi kinatoka kama sentimita saba na nusu hadi tisa. Si ajabu kwamba kisu kimojawapo kilichonunuliwa sana duniani, Opinel namba 8 cha Ufaransa, kina ubapa wa sentimita 8.5. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake mwaka 1890 katika milima ya Savoie kwa ajili ya wakulima waliokata jibini, mkate na matawi. Wakulima wa Savoie hawakujua lolote kuhusu Dadamu, ila walikuwa na viganja kama sisi.

Tukaenda sokoni Arua.

Muuza visu mmoja alikuwa ametandika gunia chini, juu yake vitasa, betri, vioo vya kujitazamia na visu vya aina tatu. Cha kwanza kilikuwa chekundu, chenye msalaba mweupe, mkasi, msumeno, kifungua chupa na kijiko. Mpwa wangu alikipenda papo hapo. Simlaumu. Baba wa visu vya namna hiyo ni Karl Elsener, fundi wa Uswisi aliyefungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kuliuzia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile cha maofisa ambacho leo kinajulikana dunia nzima. Kampuni yake ndiyo Victorinox. Ukipata cha kweli, hata kilichotumika, kinunue wala usiendelee kusoma sura hii.

Kile cha kwenye gunia hakikuwa cha kweli. Nilimwonyesha namna ya kujua, na kwanza nikamwonya asitegemee sumaku, kwa maana watu wengi hudhani chuma kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Kijiko kizuri cha mezani mara nyingi hakivutwi. Ubapa wa kisu huvutwa, uwe bora au uwe takataka, kwa sababu chuma cha pua kinachoweza kukomazwa kwa moto hubaki na tabia hiyo. Cha kutazama ni viungo. Fungua kila kifaa kimoja kimoja usikie springi: cha kweli hufungua kwa ukakamavu ule ule kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na kikifunga hulia tap. Kile chekundu cha sokoni kilifungua mkasi kwa shida, kijiko kikaning'inia chenyewe. Kisha shika ubapa kwa vidole viwili uutikise kushoto na kulia. Ukicheza ukiwa mpya dukani, mwezi ujao utakuwa mlango wa kibanda.

Cha pili kilikuwa cheusi, chenye matundu na meno mgongoni, cha kutishia watu. Nilikirudisha bila maneno.

Cha tatu kilikuwa kimelazwa pembeni kama mtoto wa kambo: mpini wa mbao uliopinda kidogo, wenye nakshi za madini za nyota na hilali, ubapa mwembamba wenye ncha kali, na pete ya chuma nyuma. Okapi. Nilikishika mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa, nikimwomba mpwa wangu anivumilie, kwa maana kisu hiki kina habari inayotuhusu sisi watu wa pembe hii kuliko wanunuzi wengi wanavyojua.

Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, kule Congo, kusini magharibi mwetu. Ana miguu yenye milia kama punda milia na ulimi mrefu kama wa twiga, ambaye ndiye ndugu yake wa damu. Wambuti na watu wengine wa msituni walimjua tangu zamani. Wazungu walikuja kumjua mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa kamishna maalumu wa Waingereza nchini Uganda, kupeleka London ngozi na mafuvu yake. Magazeti ya Ulaya yalimshangilia mnyama yule kama maajabu ya karne mpya. Mwaka uliofuata, 1902, mafundi wa mji wa Solingen, Ujerumani, walipotaka jina la kisu cha bei nafuu cha kuuza katika makoloni yao ya Afrika, jina tayari lilikuwa midomoni mwa watu. Na wakati huo hapa Arua tulikuwa wapi? Arua yenyewe haikuwapo. Nchi hii ilikuwa ndani ya Lado, eneo alilokodishiwa Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Iliangukia mikononi mwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ndipo ikaunganishwa na Uganda. Kisu kimelizidi umri boma la Arua.

Tangu mwaka 1988 Okapi kinatengenezwa Afrika Kusini. Sifa zake si njema zote: kule, na Jamaica pia, kimekuwa kisu cha wahuni, na polisi wa mahali fulani wakikuona nacho hawatakuuliza habari za twiga. Hilo nililiweka akilini. Ila nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye ubapa wake, na hapo ndipo penye kiini cha sura hii.

Ubapa wa Okapi ni chuma cha kaboni cha kawaida, chenye kaboni inayozidi kidogo nusu asilimia. Hakina kromiamu ya kukikinga. Kiache na maji ya chungwa usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nacho kitakaa ndani ya chungwa lenyewe kiking'aa. Mnunuzi mpya akiambiwa hivyo anachagua kile kinachong'aa, na muuzaji anafurahi.

Lakini jiulize, kikiisha makali utakinoa na nini? Kila kisu kinaisha makali. Cha bei mbaya kinaisha, cha bei nzuri kinaisha, kilichokata kamba ya katani yenye mchanga kinaisha kabla ya saa sita mchana. Kuna vyuma vya kisasa vigumu mno, vinavyokaa na makali miezi, ambavyo vikishafika butu havisikii jiwe la kawaida. Vinataka vinoo vya almasi, na kuvipata ni safari ya Kampala, kama kilomita mia tano kwa basi. Kinyume chake kuna chuma cha pua cha rahisi kama cha kile chekundu, laini, kinachonoleka upesi na kuisha upesi zaidi, mpaka unachoka unakitupa kwenye droo. Chuma cha kaboni cha kiasi kiko katikati: jiwe la mtoni linakiweza, na kikinolewa vizuri kinachukua makali membamba ya kukata kijiti cha mwembe kwa pigo moja bila kukiponda.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Waliacha kusema kisu kimetoka nchi gani au kilinunuliwa shilingi ngapi. Kwa hiyo nilimpeleka mpwa wangu kwanza kwa muuza vifaa vya ujenzi, tukanunua kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Hela yangu ilikwenda huko. Kisu, nilimwambia, utanunua kwa hela yako, na utanunua kile tu ambacho jiwe hili linakiweza.

Kama huna hela ya kinoo, geuza kikombe cha kauri chini juu. Ule mviringo wa kitako usio na rangi ni kinoo laini kizuri kabisa. Jiwe tambarare la mtoni nalo linafaa, ila chagua lisilo na punje kubwa zinazong'aa, kwa sababu punje moja ikichomoza inatafuna makali uliyotengeneza kwa robo saa.

Tabu ya wengi ni pembe. Wanalaza ubapa mno wakakwaruza mbavu, au wanausimamisha mno wakaua makali. Hakuna haja ya kifaa. Simamisha ubapa wima juu ya jiwe kama ukuta. Ulaze nusu ya safari, kisha nusu ya nusu iliyobaki, tena ushushe kidogo kabisa. Umefika kama nyuzi ishirini, na hapo pabaki. Lowesha jiwe, sukuma ubapa kama unayetaka kubandua ganda jembamba juu yake, kuanzia shina hadi ncha, upande mmoja tu, mpaka upande wa pili ukipapasa kwa kidole, ukitoka mgongoni kuelekea nje, usikie mkwaruzo mwembamba. Mkwaruzo ule ni chuma kilichokunjika, ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Wengi huacha kabla ya hapo, kisha hulilaumu jiwe. Ukiusikia, geuza upande, rudia, halafu nenda upande laini wa kinoo kwa mapigo machache mepesi, na mwisho buruta ubapa kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Jaribu kwenye karatasi. Kwenye nywele za mkono wanajaribu wanaotaka kuonekana.

Kuna njia ya mkato, nayo ni mnoaji wa kutembea, yule anayepanda baiskeli yake kwenye stendi na kuendesha jiwe la mviringo kwa pedali. Nawaheshimu watu hawa na mapanga yangu yote yamepita kwao. Kisu kidogo sitawapa tena. Jiwe linalozunguka likibanwa kavu kwenye ubapa mwembamba linazalisha moto, na ukiona rangi ya buluu imetokea ukingoni, jua ugumu wa mahali pale umekwenda. Kisu hukomazwa kwa kuchomwa mpaka kiwe chekundu na kuzimwa ghafla, kisha hupashwa tena taratibu, visu vingi kwenye nyuzi mia mbili na kidogo za Selsiasi, kisivunjike kama kioo. Buluu inatokea karibu na mia tatu. Hapo kisu kimepikwa mara ya pili bila ridhaa yako. Kitanoleka vizuri siku hiyo, na keshokutwa kitakuwa butu, na hakuna kinoo kitakachorudisha kilichoungua mpaka sehemu ile iliwe yote. Nilipoteza kisu kizuri namna hiyo, na kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa nimesimama pale nikipiga soga huku cheche zikiruka.

Neno fupi kuhusu mafundi wetu wa chuma. Springi ya gari iliyovunjika, mikononi mwa mhunzi anayejua kazi, inatoa kisu chenye chuma bora kuliko vingi vya kwenye gunia. Havikunjwi, vinataka ala ya ngozi, na mfukoni haviingii. Ndiyo maana sikumnunulia kimoja. Lakini akiwa siku moja msichana wa shamba zaidi ya kitalu, nitampeleka kwa mhunzi kabla ya kumpeleka dukani.

Kilichobaki ni kufuli. Kisu cha kukunja kinaweza kukufungia vidole unapokisukuma kwa ncha, kwa mfano unapotoboa mpira wa tairi. Vingine havina kufuli kabisa, vina springi tu inayokaza, kama vile vyekundu vya Uswisi kwa wingi wao. Opinel tangu mwaka 1955 ina pete ya chuma unayoizungusha shingoni ikaziba njia. Okapi ina meno yanayokoroma kr-kr-kr inapofunguliwa na kujifunga yenyewe, na kuifunga unavuta ile pete ya nyuma. Mlio ule ndio ulioiharibia jina. Mtoboaji wa mpira anahitaji kufuli. Mmenya embe anahitaji akili tu.

Hapo mpwa wangu, Okapi mkononi, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu. "Mjomba, nikikifungua hiki mbele ya mteja, atasikiaje?"

Nilinyamaza. West Nile, eneo letu hili, si mahali pa kuuliza swali hilo kwa mzaha. Wazee wengi wa hapa walikimbilia Congo na Sudan baada ya vita vya mwaka 1979, na hawakukimbia kwa sababu ya visu, lakini mtu aliyewahi kukimbia anasikia chuma kikilia kwa masikio mengine. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda nayo inamwadhibu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Binti mwenye kisu cha kubebeshea kitaluni ana sababu. Binti yule yule akiwa nacho kiunoni kwenye disko la matanga, hana. Na kwenye ndege ya kutoka Arua kiende ndani ya mzigo unaokabidhiwa, la sivyo kitabaki na walinzi.

Tuliirudisha Okapi kwenye gunia. Niliumia kidogo, nakiri.

Alichonunua alikipata kibanda cha pili, kwa mzee aliyekuwa na vitu vya mkono wa pili: kisu chembamba cha mpini wa mbao, ubapa wa chuma cha kaboni, pete ya kuzungusha shingoni, kisicholia. Kilikuwa butu kabisa, na kwa sababu hiyo bei ilikuwa nzuri. Mzee alimwambia, "Binti yangu, hicho hakikati." Akajibu, "Najua, mzee. Nina jiwe." Nilitamani mnoaji wa baiskeli angekuwa karibu asikie.

Mvua zilipoanza, mpini ulivimba na ubapa ukakataa kutoka. Hiyo ni kawaida ya mipini ya mbao. Unagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, ubapa unachomoza, unapaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye kiungo. Maembe yalipoiva ubapa ukageuka rangi, kwanza madoa ya buluu, kisha kijivu cha wingu la jioni. Nilikuwa nimemwambia autarajie, kwamba rangi ile ni ngozi ambayo chuma hujivika, na inazuia kutu nyekundu kuingia upesi. Yeye nilimwambia. Mama yake sikumwambia.

Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mama alikiona kisu mezani, akadhani binti amekiharibu kwa uvivu, akakisugua kwa majivu na uzi wa chuma wa sufuria mpaka kikang'aa kama kijiko cha harusi.

"Sasa nifanyeje, Mjomba?"

Nilimuuliza kama maembe bado yapo. Akasema yameanguka mpaka njiani. Nikamwambia basi akamenye.